Jumanne saa mbili asubuhi: kisa cha yuniti mbili zilizogongana

Agosti 2025, siku kumi kabla usajili wa yuniti, yaani masomo ya muhula, haujafungwa, mpwa wangu alinijia barazani baada ya Alasiri na daftari mkononi. Ni binti wa dada yangu, anasomea ualimu katika chuo kimoja cha umma nje ya kaunti yetu, na alikuwa ndiyo kwanza amemaliza mwaka wa pili. Masomo yake ya kufundishia ni Kiswahili na Historia. "Shikamoo mjomba," akasema, na sijamaliza marahaba yangu akanifunulia ukurasa: yuniti tisa, zimepangwa kwa kalamu ya buluu kuanzia anayoipenda hadi anayoichukia. Ya tisa, yenye alama ya kuuliza pembeni, ilikuwa Fonetiki na Fonolojia ya Kiswahili, yaani somo la sauti za lugha.

Ameniruhusu kukiandika kisa hiki kwa sharti kwamba nisimtaje yeye wala chuo chake. Nakiandika kwa sababu nimewaona watoto wengi wa Lamu, niliowafundisha sekondari kabla sijastaafu, wakikwama pale pale alipokwama yeye. Na humo ndani limo kosa moja ambalo ni langu.

Hali ilikuwa hivi. Kwa chuo chao, yuniti moja ni saa tatu za darasa kwa wiki. Muhula una wiki 14 za kusoma, kisha mitihani. Majaribio ya katikati ya muhula, ambayo wenyewe huyaita kati, huchukua alama 30 na mtihani wa mwisho 70. Ukifika 40 umepita. Mzigo wa kawaida ni yuniti saba. Ya nane huulizwi, ya tisa inataka barua ya mkuu wa kitivo. Idara ilikuwa imempangia saba za mwaka wa tatu: Mbinu za Kufundisha Kiswahili, Mbinu za Kufundisha Historia, Upimaji na Tathmini, Fasihi Simulizi, Historia ya Afrika Mashariki, na mbili zilizoandikwa "hiari", moja ya Historia na moja ya Kiswahili. Juu ya hizo alikuwa na deni la Fonolojia. Na juu ya deni alikuwa na tamaa: Utalii na Urithi wa Pwani, yuniti huru ya kitivo kingine. Kila mwanafunzi lazima afanye yuniti huru moja kabla ya kuhitimu, na marafiki zake wote walikuwa wameichagua hii. Nilimwelewa. Mji wetu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na yeye amezaliwa Langoni. Moyoni mwake, alama za yuniti hiyo alikwisha kuzitia mfukoni.

Deni la Fonolojia lilitoka wapi? Muhula wa Septemba 2024 bibi yake aliugua, naye akaja nyumbani katikati ya masomo. Safari yenyewe kila mtu wa huku anaijua: basi la alfajiri, Malindi, Garsen, Witu, vizuizi vya askari, Mokowe, kisha boti. Alikaa wiki mbili, akakosa kati ya pili, na mtihani wa mwisho ukamwachia 37. Alama tatu tu. Kwa alama kama hizo kuna sapu, yaani unakaa mtihani peke yake bila kurudi darasani. Tangazo la sapu liliwekwa Jumatatu, mtihani ulikuwa Jumatano, naye yuko Lamu. Siku ya Jumatano alikuwa ndani ya basi, pengine Garsen, wenzake wakiandika. Baada ya hapo hakuna sapu tena. Ni kurudia yuniti nzima darasani na kuilipia kivyake, shilingi elfu sita, ambazo kwa mama anayepika mahamri na mbaazi si pesa za kutoa kwa tabasamu.

Wenzake wa mwaka wa nne walikuwa wamempa ushauri mtamu: ibebe hadi mwaka wa nne, mwaka wa nne umetulia. Ndiyo maana ya alama ya kuuliza.

Nikamuuliza kuhusu yuniti ya muundo wa maneno, "Mofolojia ulifanya lini?"

"Sikufanya, mjomba. Potali ilikataa."

"Kwa nini ilikataa?"

Akanyamaza. Hakuwahi kuuliza. Januari ile alibofya kwenye potali, yaani mtandao wa kusajili yuniti, ikakataa, akachukua yuniti nyingine iliyokuwa wazi, maisha yakaendelea.

Bibi yake alikuwa ndani anasikiliza, akacheka akasema: "Mtu hupika wali kabla ya kuteka mai?" Mai ni maji. Mwanamke ambaye hajawahi kuiona potali aliielewa kabla ya sisi wawili.

Nilitoa kalenda ya mwaka uliopita, tukaigeuza, tukachora. Fonolojia kwao hufundishwa muhula wa Septemba tu. Mofolojia hufundishwa Januari tu, na haikufungukii mpaka uwe umepita Fonolojia. Sintaksia, yaani muundo wa sentensi, nayo ni ya Januari tu, na haikufungukii mpaka uwe umepita Mofolojia. Zote tatu ni za lazima kwa mwalimu wa Kiswahili. Sasa hesabu. Akifanya Fonolojia Septemba 2025, Mofolojia inakuwa Januari 2026 na Sintaksia Januari 2027, ambao ndio muhula wake wa mwisho kabisa. Amefika ukingoni lakini amefika. Akifuata ushauri mtamu na kuibeba Fonolojia hadi Septemba 2026, Mofolojia inakuwa Januari 2027, na Sintaksia inamngoja hadi Januari 2028. Mwaka mzima, kodi ya chumba, nauli, kwa ajili ya yuniti moja ya mwisho.

Alikaa akiitazama mishale ile kwa muda. Kisha akasema neno ambalo lilinipa moyo kuliko mengine yote aliyosema siku ile: "Kumbe hii ya tisa ndiyo ya kwanza."

Laiti mambo yangeishia hapo. Tulipoifungua ratiba kwenye simu yake tukakuta Fonolojia ni Jumanne saa mbili hadi saa tano asubuhi. Na Mbinu za Kufundisha Kiswahili ni Jumanne saa mbili hadi saa tano asubuhi. Si ajabu, anayepanga ratiba huwapangia wa mwaka wa pili na wa mwaka wa tatu kila mmoja na lake, hamfikirii anayerudia aliyesimama mguu mmoja huku na mmoja huku.

Mbinu, kwa mwanafunzi wa ualimu, ni kama chanjo ya kusafiria. Bila yuniti mbili za mbinu haendi mazoezi ya kufundisha, yale wanayoyaita tipii, na kwao hufanyika Mei hadi Agosti baada ya mwaka wa tatu. Kwa hiyo binti alipoona zimegongana, hakusita: "Basi Fonolojia ingoje. Mbinu haiguswi."

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo ninapotofautiana na yeye, na wenzake, na nadhani hata na baadhi ya walimu wake. Kwamba mbinu haiguswi ni kauli ya kila mtu, na ni ya busara kwa mtu asiye na deni. Lakini ipimwe. Tuseme ameacha Mbinu za Kiswahili Septemba hii, akaifanya Septemba 2026. Mazoezi yake yatahama kutoka Mei 2026 hadi Mei 2027, yaani mara tu baada ya mitihani ya mwaka wa nne. Atamaliza Agosti 2027 badala ya Aprili. Miezi minne. Na mahafali kwao ni mara moja kwa mwaka, mwishoni mwa mwaka, kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa angevaa joho siku ile ile na wenzake. Fonolojia ikingoja, hasara ni mwaka kamili. Yuniti inayotisha kwa jina inagharimu miezi minne, inayodharauliwa inagharimu kumi na miwili. Kama ingelazimu kuchagua moja, ningemwambia aiache Mbinu, na ningesimama na kauli hiyo mbele ya idara yoyote.

Ni kweli kuna gharama nyingine ambazo hesabu hiyo haizioni. Kwenda mazoezini peke yako, kundi lako limekwisha kwenda mwaka uliopita, si jambo dogo. Wanafunzi wanaokwenda pamoja hukodi nyumba pamoja, hupeana maandalio ya masomo, hulilia bega moja. Alinitajia hilo, nami nililikubali. Haligeuzi jibu.

Lilikuwepo pia wazo la tatu, na alilileta kwa sauti ya chini: vipi akiachana na Kiswahili kabisa, ashike Dini ya Kiislamu na Historia? KCSE yake (mtihani wa kumaliza sekondari) ya Dini ilikuwa nzuri, B, na Tume ya Utumishi wa Walimu inataka C+ katika kila somo kati ya mawili unayofundisha, kwa hiyo mlango ulikuwa wazi kwa upande huo. Lakini kubadilisha somo mwaka wa tatu ni kuanza yuniti za mwaka wa kwanza za somo jipya. Na hata bila hilo, huu si wakati wa kukikimbia Kiswahili. Gredi ya 10 ya kwanza ya mtaala mpya iliingia sekondari ya juu Januari 2026, na katika mpangilio huo Kiswahili au lugha ya ishara ya Kenya ni lazima kwa kila mwanafunzi, njia yoyote aliyochagua, sayansi, jamii au sanaa na michezo. Historia na Uraia itasomwa na waliochagua tu. Mwenye masomo mawili, moja la wote na moja la baadhi, halitupi la wote. Wazo hilo tulilimaliza kabla ya Magharibi.

Ikabaki Jumanne. Nilimwambia asisajili chochote bado, aiandikie idara kwanza, na asiandike "naomba msaada" kwa maana barua hiyo haina jibu. Aulize swali moja lenye jibu: je, Fonolojia inafundishwa kundi lingine lolote muhula huu? Alituma siku hiyo hiyo. Kimya siku tatu. Enzi zetu ulijaza fomu ya karatasi nne kwa kaboni, ukasimama mlangoni kwa mwenyekiti wa idara hadi akuone. Ilikuwa adha, lakini mlango ulikuwa mlango. Siku ya nne alimpigia mwakilishi wa darasa lake, kijana wa Malindi aliyekuwa karibu na chuo, akaenda kusimama mlangoni kwa niaba yake. Jibu likaja kabla ya Adhuhuri: liko kundi la jioni, Alhamisi saa kumi na moja hadi saa mbili usiku, na anayerudia anaweza kukaa nalo akipata sahihi ya mwenyekiti.

Furaha ilikuwa kubwa nyumbani, nami sikutaka kuiharibu, lakini Alhamisi ilihitaji kutazamwa. Asubuhi ya Alhamisi alikuwa na Upimaji na Tathmini tangu saa mbili. Kutoka darasani saa mbili usiku, chumba chake kiko nje ya chuo, dakika ishirini kwa miguu. Dada yangu alikataa katakata hadi binti alipotaja wenzake wawili wa kundi la jioni wanaokaa mtaa ule ule. Na kuna jambo ambalo binti mwenyewe alilitaja, si mimi: afadhali Fonolojia ni ya Septemba, maana muhula wa Januari Ramadhani ingeangukia Februari na Machi, na darasa la saa kumi na moja hadi saa mbili usiku lingemkuta kwenye futari kila Alhamisi.

Kisha tukahesabu kukosa. Chuo kinataka uhudhurie asilimia 75 ya vipindi au hukai mtihani. Kipindi ni kimoja kwa wiki, wiki ni 14. Ukikosa vitatu umehudhuria 11, ambayo ni kama asilimia 79. Ukikosa vinne ni 10, asilimia 71, umekwisha. Yaani kila yuniti ina ruhusa tatu, basi. Mwanafunzi wa Mombasa husikia robo na kuona ni nyingi. Kwa mtoto wa Lamu safari moja ya nyumbani humeza wiki nzima bila haya, na wiki moja ni kipindi kimoja cha kila yuniti aliyonayo. Mwaka uliopita wiki mbili za bibi zilikula ruhusa mbili kati ya tatu za yuniti zote kwa mpigo.

Na Mfungo Sita ulikuwa unaingia. Mwaka 2025 uliangukia mwisho wa Agosti na Septemba, yaani Maulidi yangemkuta wiki za kwanza za muhula. Hajawahi kukosa Maulidi ya Lamu maishani mwake. Wiki ya Maulidi nayo ina Alhamisi ndani yake kama wiki nyingine yoyote, na Alhamisi sasa ilikuwa na yuniti mbili. Alisema hatakuja. Bibi hakusema naye siku mbili.

Sasa kosa langu. Saba za idara na Fonolojia ni nane, saa 24 za darasa kwa wiki. Utalii ya tisa niliikata bila kujadili. Yuniti huru inafundishwa kila muhula na haifungi mlango wa yuniti nyingine, itafanywa mwaka wa nne. Lakini hata nane niliziona nyingi kwa mtu mwenye Alhamisi kama ile, nikamwambia apunguze moja. Ipi? Macho yangu yakaangukia neno "hiari". Ile ya Kiswahili ilimpa kuchagua kati ya Ushairi na Tafsiri, nami nilitaka abaki na Ushairi, kwa sababu tenzi nyingi za kale zimeandikwa kwa Kiamu, lahaja yetu ya Lamu. Darasa zima litakuwa linatafuta maana ya mato na ndia na ndaa (macho, njia, njaa), na yeye ndiyo lugha ya jikoni kwao. Mwenye mzigo mzito anahitaji mahali pamoja ambapo ameanza mbele ya wenzake. (Yeye alitaka Tafsiri. Alinitii, na mpaka leo anasema nilimkosesha.) Basi nikakata hiari ya Historia. Akasajili saba, Fonolojia ikiwa ya kwanza, akaenda zake.

Neno hiari lilitudanganya sote. Wiki ya pili ya muhula, mwenzake mmoja aliitazama fomu yake akamuuliza hiari ya Historia iko wapi. Hiari kwa idara ile maana yake ni uchague ipi, si uchague kama utafanya. Lazima moja ichukuliwe, vinginevyo yuniti za Historia hazitatimia, na hiyo nayo ni ya Septemba peke yake. Miaka zaidi ya thelathini nikifundisha, na neno la Kiswahili nililisoma kwa haraka. Dirisha la kuongeza na kuondoa yuniti lilikuwa na siku mbili kufungwa. Aliongeza Historia ya Marekani, Jumatatu mchana, akapata muhuri, akarudi kwenye nane.

Wiki ile ndiyo ilikuwa wiki ya Maulidi. Angekuwa nyumbani, mwenzake asingeiona fomu.

Muhula ulikwenda. Fonolojia alikosa kipindi kimoja, wiki ya mvua. Kati zote mbili alifanya. Elfu sita za kurudia zililipwa kwa mafungu mawili, la pili siku moja kabla ya kadi za mitihani kutolewa, kwa sababu mkopo wake haukuwa umeingia na hata ungeingia usingegusa yuniti ya kurudia. Mtihani anasema ulikuwa mzuri. Husema hivyo siku zote.

Kizuizi kilichobaki tulikiona Desemba, na safari hii alikiona yeye kabla yangu. Usajili wa Januari hufunguliwa kabla matokeo ya Desemba hayajawekwa. Potali haijui kuwa amepita, inajua kuwa ana 37 ya mwaka juzi. Kwa hiyo kabla hajafunga mizigo ya likizo alimwendea mwenyekiti wa idara na barua fupi: aruhusiwe kuanza Mofolojia kwa sharti kwamba matokeo ya Fonolojia yakija chini ya 40, yuniti hiyo ifutwe. Mwenyekiti alisoma, akauliza kwa nini haraka hii yote. Akamtolea kile kipande cha kalenda chenye mishale, Januari 2026, Januari 2027. Amenisimulia kuwa mwenyekiti alikipiga picha.

Potali ilikataa Mofolojia tarehe ya kwanza, kama tulivyotarajia, na karani akamsajili kwa mkono kwa ile barua yenye muhuri. Ninapoandika, matokeo bado. Mofolojia imepangwa Jumatatu saa mbili asubuhi, kwa hiyo wikendi za nyumbani hazipo hadi Idi, na bibi amekwisha kuambiwa.